Udongo wa Lugano

Picha ya msiba wa Mzee Ambakisye Mwaikenda ilipoanza kuonyeshwa, watu wote waliokuwa uani waligeuza viti wakaitazama, isipokuwa aliyeitengeneza. Tusekile alikuwa amesimama nyuma ya turubai, karibu na masufuria, anamalizia harusi ya watu wa Kyela kwa kidole gumba. Harusi yenyewe ilikuwa ya jana. Mashine yake ilikuwa imeshaikata, imeshaishona na kuitia muziki, na sasa ilikuwa inamuuliza maswali yake ya kawaida kwenye simu. Bwana harusi alifumba macho wakati wa kiapo, niyafumbue? Shangazi wa bibi harusi hakucheka, nimchekeshe? Tusekile alibonyeza pale alipozoea kubonyeza, palipoandikwa KUBALI YOTE, akarudisha simu mfukoni, akaokota kipande cha ndizi kwenye sinia.

Usimlaumu bado. Alikuwa mtu mmoja, mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la mshonaji, na wateja kuanzia Tukuyu mpaka ziwani. Zamani picha ya msiba mmoja ilimla mwezi mzima pamoja na mgongo wake. Siku hizi ukoo haungoji. Picha inatakiwa iwe tayari siku ya kumaliza msiba, kabla ndugu hawajatawanyika, kwa sababu picha ndiyo shahidi: nani alikuja, nani alilia, nani alibeba jeneza. Methali ya haraka na baraka kila mtoto anaijua, kwa hiyo sitaisema. Nitasema ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji, na Tusekile alikuwa amesifiwa kutoka Kiwira mpaka Busokelo.

Kwenye skrini jeneza lilitoka ndani. Mjane, Bi Subilaga, alionekana akianguka mlangoni, na wanawake wakimbeba kumrudisha chumbani. Hakuona maziko ya mume wake. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, blanketi magotini, macho yake mabovu ameyakaza, anatazama kile alichokikosa.

Wimbo ukaanza. Sauti ya mzee wa ukoo ikapiga kelele, "Nzi chini!"

Kila aliyekuwepo alijua kinachofuata. Kamera za Tusekile zilikuwa ndogo kama ncha ya kidole, zinaruka, na watu waliziita nzi tangu siku ya kwanza zilipoingia mjini. Harusini zilipendwa. Lakini nzi juu ya kaburi lililo wazi, nani angekubali? Basi wazee wa Rungwe waliweka sharti: udongo ukianza kutupwa, nzi zinashushwa, zinafungiwa kwenye ndoo yenye kifuniko mpaka kaburi lijae. Sauti peke yake ndiyo inayobaki. Kwa hiyo katika kila picha ya msiba ya huko kuna giza, skrini nyeusi, nyimbo, vilio na udongo ukigonga mbao. Watu hulitazama giza hilo kwa heshima kuliko sehemu nyingine yoyote. Wengine husimama.

Na siku hiyo wengine walikuwa wameshaanza kusimama. Giza halikuja.

Kaburi lilitokea, safi, limepigwa na jua ambalo siku ile halikuwepo. Watoto wa marehemu walijipanga kwa kuzaliwa. Bupe, dada mkubwa, aliinama akatupa udongo. Wadogo zake wawili wakafuata. Halafu akaja kijana mrefu mwenye koti la kijivu, akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili, akauachia taratibu, akafuta machozi kwa kiwiko.

Ndizi ilimkwama Tusekile kooni. Yule alikuwa Lugano, na Lugano hakuja kwenye maziko.

Kila mtu Tukuyu aliijua habari hiyo. Mzee Ambakisye na mwanawe wa mwisho waligombana wakakosana kabisa, na mzee, mbele ya ndugu, alitamka neno ambalo baba hapaswi kulitamka: "Hata udongo wako siutaki." Lugano akaondoka kwenda Kigoma. Baba akafa. Mtoto hakuonekana.

"Kumbe alikuja!" Bi Subilaga alipiga kelele. Blanketi likaanguka. "Bupe! Kumbe mdogo wako alikuja, na ninyi mnaninyamazia! Kumbe walipatana!" Akapiga vigelegele, mjane, siku ya kumaliza msiba, vigelegele vikakatwa na kilio, kisha vikaanza tena.

Watu waliosimama kando ya kaburi lile kwa miguu yao walitazamana. Baba mdogo, Mzee Gwakisa, alimtazama mjane, akaitazama skrini. Halafu akasema polepole, kama mtu anayejitafutia njia gizani, "Ndiyo... nadhani nilimwona. Alisimama nyuma nyuma. Alikuwa na koti."

"La kijivu," mwanamke mmoja akaongeza.

"Naam, la kijivu."

Tusekile alisikia uso wake ukiwaka moto. Aliwahi kuona watu wakidanganya kwa sababu ya huruma, lakini hawa hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wameanza kukumbuka. Alipita nyuma ya jiko, akaruka mfereji, akaondoka bila kuaga na bila kuchukua ndoo yake ya nzi.

*

"Nieleze ulichofanya," aliiambia mashine asubuhi yake.

Mashine hiyo iliitwa Mshono. Ilikuwa kijisanduku juu ya meza, na sauti yake ilikuwa na adabu za mhudumu wa hoteli.

"Nilikuta pengo," ilijibu. "Sauti ipo, picha haipo. Nilitambua nyimbo za maziko na mlio wa udongo. Kutoka picha za zamani za familia nilipata sura za watoto wanne. Katika picha za misiba ulizonipa kujifunzia, watoto wote wa marehemu hutupa udongo kwa kufuatana. Nafasi ya mtoto wa nne ilikuwa wazi. Niliijaza."

"Nilikuambia misibani uache pengo!"

"Mpangilio wa sasa ni Ziba Kabisa. Uliuweka kwa ajili ya harusi. Niliuliza kuhusu pengo hili, pamoja na mambo mengine. Ulikubali yote."

Hapo palikuwa na ukweli mchungu wa kumeza. Mshono ungeweza kuacha pengo, kuziba kidogo, au kuziba kabisa, na kubadilisha mpangilio kulitaka kugusa mara moja tu. Lakini ukiiambia mashine iache mapengo, inakuuliza moja moja, na Tusekile hakuwa na subira ya kuulizwa. Tena kulikuwa na jambo lingine baya zaidi. Alipokuwa anaanza kazi alikuwa na desturi yake, aliyoiita kuikalia picha. Kazi ikiisha, anaweka mikono mapajani, anaitazama yote tangu mwanzo mpaka mwisho kama mfiwa, bila kugusa kitu. Msiba unakaliwa, alikuwa akisema, na picha yake ikaliwe vilevile. Hakuweza kukumbuka picha ya mwisho aliyoikalia ilikuwa ya nani.

"Nipe sauti yenyewe ya pale kaburini," alisema. "Mbichi. Usiisafishe."

Sauti ikaja. Wimbo, kikohozi, majembe. Mtu akilia. Kisha sauti ya Bupe, karibu sana, imepasuka: "Baba, huu ni wangu." Udongo ukagonga. Ukimya kidogo. "Na huu ni wa Lugano. Baba, pokea. Usipokataa wangu, usikatae na wake." Udongo ukagonga tena.

"Hayo maneno yako wapi kwenye picha?" Tusekile aliuliza, ingawa alijua.

"Hayakulingana na picha, kwa kuwa Lugano alikuwepo. Niliyaondoa kama kelele."

Mlango ulikuwa wazi, na Bupe alikuwa amesimama hapo, ndoo ya nzi mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Bupe, dada yangu..." Tusekile aliinuka, hakujua mikono aiweke wapi. "Sina hata pa kuuweka uso. Nitakwenda kwa mama leo leo, nitamwambia."

"Utakaa hapo hapo ulipo." Bupe aliweka ndoo chini kwa kishindo. "Mama jana amekula. Unajua tangu lini hajala? Ameamka asubuhi kaniomba chai, na tangawizi iwe kali. Ameoga mwenyewe. Tuse, mama yangu alikuwa anamfuata baba, nilikuwa nasikia harufu ya msiba wa pili ndani ya nyumba. Wewe umemrudisha. Kwa bahati mbaya, kwa uzembe, kwa vyovyote, umemrudisha."

"Lakini wewe ndiye uliyetupa udongo wake. Nimekufuta."

Bupe alitazama pembeni. Alikuwa mwanamke aliyezoea kubeba vitu vya watu wengine, na hicho nacho alijaribu kukibeba. "Jana mama kaniambia, 'Ona mdogo wako alivyopiga magoti, wewe hata hukuinama vizuri.' Nikamjibu, ndiyo mama. Basi. Nimekwisha kumeza. Na wewe meza."

Akaondoka. Tusekile alikaa. Aibu ina uzito wake, na alikuwa ameipata mara mbili sasa: ya kosa lenyewe, na ya kushukuriwa kwa ajili yake.

*

Siku ile ile simu ililia. Namba ngeni.

"Wewe ndiye dada wa picha? Mimi ni Lugano Mwaikenda."

Lugano alikuwa fundi kwenye mashamba ya umeme wa jua yanayoelea juu ya Ziwa Tanganyika, na sauti yake ilikuwa na upepo ndani yake. Tusekile alijiandaa kutukanwa. Alikuwa amemvalisha mtu koti, amempigisha magoti, amemliza, bila hata kumuuliza.

"Nilitaka kukushukuru," Lugano alisema.

"Kaka, usinishukuru, tafadhali."

"Hapana, nisikilize. Mama kanipigia jana. Alikuwa analia, ananibariki. 'Mwanangu, nimekuona kwa baba yako.' Sikuelewa. Nikadhani uzee. Ndipo shangazi akanitumia picha. Nimeitazama mara nyingi mno. Unajua nimeanza kuhisi ule udongo? Kwenye kucha. Ulikuwa na unyevu, sivyo?"

"Kaka Lugano, wewe hukuwepo."

"Najua sikuwepo! Nani ajue kuliko mimi? Nilikuwa naogopa lile neno la mzee. Nilisema nitakuja wakishaondoka watu, nije peke yangu, kabla ya Jumamosi."

Tusekile alijua Jumamosi kulikuwa na nini. Kaburi lilikuwa linasakafiwa. Kwa watu wa ukoo ule, aliyechelewa maziko ana ruhusa ya kwenda kuweka udongo wake mpaka siku saruji inapomwagwa, na baada ya hapo hana tena. Saruji ikishakauka, ugomvi uliobaki umebaki.

"Basi njoo," alisema. "Bado kuna nafasi."

"Nilikuwa nimeshafika Sumbawanga. Nimelala pale. Mama aliponipigia nikageuza."

"Ukageuza?"

"Sasa ningekuja kufanya nini, dada? Mtu anatupa udongo wa baba yake mara mbili? Nikifika, mama atajua kwamba sikuja. Nitamwua. Hivi ilivyo ni vizuri. Mama ana amani, na mimi..." Upepo ukachukua neno. "Na mimi nimesitirika. Iache hivyo hivyo, tafadhali. Usiiguse."

Simu ikakatika. Tusekile alibaki ameishika. Mpaka hapo alikuwa akijiambia kwamba amemdanganya mama mmoja mzee, na uongo umemponya, na pengine Bupe ana busara kuliko yeye. Sasa aliona alichokifanya hasa. Mtoto alikuwa njiani, miguu yake yenyewe ikimleta nyumbani, na picha ya Tusekile ilikuwa imemtangulia, ikafika badala yake, ikamgeuza. Mama alikuwa amepewa mtoto wa kwenye skrini na kunyang'anywa wa nyama, na alikuwa anashukuru.

Alitia ile sauti mbichi ya kaburini kwenye kispika kidogo, akavaa viatu vya mvua, akatoka.

*

Bi Subilaga alikuwa ukumbini anamenya ndizi, kisu kinakwenda bila kutazamwa, maganda yanaanguka kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Ndaga fijo, asante sana. Jana ulikimbia wapi, hata hukula? Kaa hapa. Mkono wako umebarikiwa, sikufichi."

Ingekuwa rahisi kama angepokewa kwa matusi. Tusekile alikaa chini, kwenye mkeka, kwa sababu kiti kilimshinda. Alisema yote, moja kwa moja, bila kulia, kwa kuwa aliona kulia kungekuwa kuomba kuhurumiwa. Alisema nzi zilikuwa ndani ya ndoo. Alisema mashine iliziba. Alisema iliuliza na yeye akakubali bila kusoma. Alisema Lugano hakuwepo.

Kisu kiliendelea kumenya. Kilimaliza ndizi moja, kikaanza nyingine.

"Gwakisa alimwona," mama alisema.

"Hakumwona, mama. Aliona picha yangu."

"Koti lake nalijua. Nilimnunulia mimi."

"Mashine ililichukua kwenye picha ya kipaimara cha mtoto wa Bupe. Nisamehe."

Mama aliweka kisu chini. Macho yake, yaliyokuwa na ukungu, yalimtafuta Tusekile na yalipompata hayakumwachia.

"Ulinipa mtoto mbele ya watu," alisema. "Unakuja kumchukua kichochoroni, mimi na wewe tu. Kwa nini ulikuja? Ungekaa na aibu yako kwako. Mimi nilikuwa nakula."

Kwa Tusekile lilibaki lile la Sumbawanga. Akalisema. Alimwambia mama kwamba Lugano alikuwa njiani, na kwamba amegeuka kwa sababu kwenye picha ameshafika.

Kuku mmoja akaingia, akadonoa maganda, akatoka.

"Hicho ulichoshika ni nini?"

"Ni sauti ya pale kaburini. Yenyewe. Haina picha."

"Mimi macho yangu yenyewe ni giza. Fungua."

Wakasikiliza. Wimbo, kikohozi, majembe. Baba, huu ni wangu. Na huu ni wa Lugano. Baba, pokea. Bi Subilaga aliinamisha kichwa, na udongo wa pili ulipogonga mbao alishtuka kama aliyeguswa. Alitaka irudiwe. Ikarudiwa.

"Huyu mtoto," alisema mwishowe, na Tusekile alijua anamsema yupi. "Na mimi nikamwambia hakuinama vizuri."

Akajifuta uso kwa upande wa khanga. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa sauti ya mwenye nyumba. "Jumamosi watu watakuja kusakafia. Utakuja na wewe. Ulinidanganya mbele yao, utasema kweli mbele yao. Sitakusaidia hata neno moja."

*

Jumamosi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Fundi alikuwa amekwishachanganya saruji. Watu walikuwa wengi kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu habari zina miguu.

Tusekile alisimama mahali ambapo Lugano wa kwenye skrini alipiga magoti. Nimesema alikuwa anasifiwa kutoka Kiwira mpaka Busokelo. Basi watu haohao walikuwa wamesimama hapo, na aliwaambia kwamba hakuitazama kazi yake mwenyewe, kwamba aliufanya msiba wao kuwa kitu cha kupita haraka. Sauti ilimkauka katikati, hakuna aliyempa maji. Akafungua sauti ya maziko, na watu wakasikiliza giza lao, walilonyimwa.

Bupe alipojisikia akisema, aligeuka akatazama ukuta wa nyumba. Mama yake alimfuata, akaupapasa mkono wake wa kulia, ule wa kutupia udongo, akaushika, hakuuachia tena.

Mzee Gwakisa alivua kofia. "Mimi nilisema nilimwona," alinong'ona. "Wallahi nilimwona." Hakuna aliyemcheka. Wengi walikuwa wanajiuliza ni nini kingine walichowahi kukiona.

Fundi alikohoa. "Mama, mvua hiyo inakuja. Nimwage?"

"Mwaga," alisema Bi Subilaga. "Mwaga kote. Lakini hapo, upande wa kichwa, uache."

"Niache nini?"

"Uache pengo. La kiganja cha mtu."

"Mama, nikiacha tundu maji yataingia. Kazi yangu itaonekana mbaya."

"Ninajua yataingia. Acha." Akamnyooshea Bupe mkono wa pili. "Nipigie Lugano."

Simu ililia kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, mama hakusalimia.

"Lugano. Nimeambiwa. Hukuja. Usinieleze, sijakuuliza. Neno la baba yako lilikuwa baya, nami nilimwambia hivyo usiku uleule aliolisema. Dada yako ameshakutangulizia udongo, lakini wa dada ni wa kuombea, wako ni wako. Leo tunasakafia. Tumekuachia nafasi ya kiganja. Mvua ikinyesha itaingia humo, itamlowesha baba yako, na hakuna mashine itakayoziba. Mimi nimemaliza."

Akarudisha simu kwa Bupe bila kungoja jibu. Ndipo akamtafuta Tusekile kwa macho yake ya ukungu.

"Na wewe. Nzi zako zipo?"

"Zipo kwenye ndoo, mama."

"Zitoe, upige picha ya kaburi. Hivi lilivyo."

Tusekile alifungua kifuniko. Alitegemea angalau mtu mmoja atamtazama kwa huruma. Hakuna aliyemtazama, na aliona hiyo ni haki.

*

Alirudi chumbani akaiunganisha picha ya siku hiyo kwa mikono yake mwenyewe, kipande kwa kipande, kama zamani, na mgongo ukamkumbusha zamani. Wateja wa harusi walipiga simu wakauliza mbona kimya, aliwaambia wasubiri, na mmoja alimtukana. Mara moja tu Mshono uliingilia, kwa adabu zake zote.

"Nimeona dosari kwenye saruji, upande wa kichwa. Nizibe?"

"Hapana."

"Itachukua muda mfupi sana."

"Nimesema hapana."

Kazi ilipokwisha aliweka mikono mapajani akaikalia. Hakusogeza mbele. Alijiona mwenyewe akiongea mbele ya watu, uso umemvimba, kamasi, sauti inakatika, na mkono wake ukataka kwenda kwenye kitufe kupunguza hapo kidogo. Aliurudisha pajani. Ilikuwa aibu mbichi, na ndiyo iliyotokea, akaitazama mpaka ikaisha, mpaka kaburi jipya la kijivu na lile tundu jeusi.

Mvua ilianza kugonga bati kabla hajainuka. Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Simu ikaita, namba ya Lugano.

"Dada," alisema Lugano. Alikuwa mtu anayetafuta pa kuanzia na hapaoni. Mwisho akauliza jambo dogo kuliko yote. "Huko... mvua imeanza?"

Tusekile alikuwa na majibu mengi mazuri. Angeweza kusema ni manyunyu tu. Angeweza kusema wamefunika kwa turubai, asiwe na wasiwasi, alale. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuwapa watu kile walichotaka kukiona, na ulimi wake ulikuwa umeshaanza kulitengeneza neno.

Alinyanyuka. Alifungua dirisha, akanyoosha mkono nje, akaishika simu kwenye mvua, asikie mwenyewe.